Marehemu Wetu Katika Makaratasi

Sisi tuliozoea kuitana Fulani bin Fulani na Fulani binti Fulani tutaielewa upesi shida ya watu wa Welisi. Nchi hiyo ndogo iko magharibi ya Uingereza, ina milima mingi na mvua nyingi, tena ina lugha yake yenyewe isiyofanana hata kidogo na Kiingereza. Wazee wao wa zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati likawekwa neno "ap" au "ab" kwa mwanamume, na "ferch" kwa mwanamke, yaani bin na binti kabisa. Hata mwanamke alipoolewa aliendelea na jina la baba yake. Baadaye, kwa kufuata desturi ya Waingereza, wenye mali kwanza na maskini mwisho, majina yakaganda. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owen akawa Bowen. Wengine wengi wakaangukia majina yale machache ya Jones, Williams, Davies na Evans, hata leo ukiita "Jones" katika mkutano wa Wawelisi, vichwa vingi vitageuka. Na katika vijiji vya milimani desturi ya kale iliendelea mpaka mwanzo wa karne ya 19, hata mtoto wa John Evans aliweza kuitwa William Jones, na anayemtafuta kwa jina la Evans asimwone kamwe.

Basi Mwelisi anayetaka kuwajua wazee wake hawezi kutegemea jina peke yake. Yampasa ajue kijiji, shamba, kazi na kanisa. Huanza na daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo, zilizofunguliwa tarehe 1 Julai 1837. Huangalia sensa, inayohesabu watu kila miaka kumi na kufichwa miaka 100 kabla ya majina kuonyeshwa. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na ya 1931 haitafunguliwa kamwe, maana iliteketea kwa moto mwaka 1942. Kwa miaka ya nyuma zaidi hutafuta daftari za parokia za ubatizo, ndoa na maziko. Hizo ziliamriwa tangu mwaka 1538, lakini huko Welisi zilizosalia za miaka ile ya kwanza ni chache mno. Sisi watu wa parokia tusishangae; twajua wenyewe jinsi daftari zinavyotunzwa katika kabati la sakristia. Wosia za kabla ya 1858 ziko katika Maktaba ya Taifa ya Welisi mjini Aberystwyth, maana siku hizo mahakama za Kanisa ndizo zilizothibitisha wosia. Lakini makaratasi ya watu wadogo, yaani ya maskini, ya shule, ya magereza, ya hospitali na ya machimbo, hayo yametawanyika katika nyumba za nyaraka za kila jimbo: Caernarfon, Dolgellau, Llangefni, Ruthin, Cardiff, Swansea. Kule Ruthin yaliwekwa ndani ya gereza la zamani, na kule Ebbw Vale yamo ndani ya ofisi za kiwanda cha chuma kilichofungwa.

Nataka msomaji aangalie jambo moja. Tajiri huonekana katika makaratasi anaponunua shamba, anapooa, anapoandika wosia, na mara nyingi ni yeye aliyeshika kalamu. Maskini huonekana hasa anapokuwa gharama au anapokuwa na kosa. Kabla ya mwaka 1834 msichana aliyepata mimba bila mume aliweza kuitwa mbele ya mahakimu, akaapishwa, akaulizwa jina la baba wa mtoto. Hawakumwuliza kwa kumhurumia, bali parokia ilitaka kujua ni nani wa kulipa, isije ikalazimika kumlisha mtoto huyo yenyewe. Karatasi hiyo imetunzwa. Mjukuu wa mjukuu wake aifunguapo leo, anamkuta bibi yake katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake, akijibu maswali ya wanaume waliokaa. Siku zake nyingine zote, za kukamua ng'ombe na kucheka na dada zake, hakuna aliyeziandika.

Je, ni haki kumjua mtu kwa njia hiyo? Na ukiisha kumjua, unamdai nini, naye anakudai nini?

Wengine watasema mambo ya kale yamekwisha, na marehemu hawaoni haya. Sikubaliani nao. Tunafunika mwili wa maiti ingawa maiti haoni baridi. Wengine watasema kinyume chake, kwamba karatasi ni karatasi, na iliyoandikwa ndiyo kweli. Hao nao wakumbuke vile vitabu vya buluu vya mwaka 1847. Serikali ya Uingereza ilituma wanasheria watatu wachunguze shule za Welisi. Wote watatu walikuwa Waingereza, hakuna aliyejua Kiwelisi, nao waliwauliza maswali kwa Kiingereza watoto wasiojua Kiingereza, kisha wakaandika kwamba watoto ni wajinga. Wakaongeza kwamba wanawake wa Welisi hawana maadili. Inatupasa kusema, sisi Waanglikana, kwamba wengi wa mashahidi waliowapa habari hizo walikuwa mapadre wa Kanisa letu, waliokuwa na chuki na wale waliokwenda kusali katika makanisa mengine. Ripoti ile ni nyaraka ya serikali, ina jalada na kurasa zenye namba, na mtu wa leo aweza kuifungua akasoma habari za kijiji cha wazee wake. Wawelisi waliipa jina lao wenyewe. Waliiita "brad", yaani usaliti.

Neno hilo tutalikuta tena. Nitatoa mfano mmoja tu, nami nitakaa nao.

Kaskazini ya Welisi, juu kidogo ya mji wa Bangor, iko Bethesda. Watu wake waliishi kwa machimbo ya Penrhyn, yanayotoa yale mawe ya rangi ya samawati iliyoiva yanayopasuliwa kuwa vibao vyembamba vya kuezekea nyumba, na zamani vibao vya kuandikia shuleni. Mwenye machimbo alikuwa Lord Penrhyn. Tarehe 22 Novemba 1900 wanaume wapatao 2,800 walitoka kazini. Ugomvi ulihusu haki ya kuwa na chama chao cha wafanyakazi na namna ya kupatana bei ya kazi. Tajiri alikataa katakata. Mgomo ulidumu miaka mitatu, mpaka Novemba 1903, ukaisha kwa wafanyakazi kushindwa. Kwaya za Bethesda zilizunguka Uingereza zikiimba ili kuchangisha pesa za chakula. Wanaume wengi walikwenda kusini kuchimba makaa ya mawe, na wengine hawakurudi tena.

Katikati ya mgomo huo, Juni 1901, machimbo yalifunguliwa kwa wale waliokubali masharti ya tajiri. Watu wapatao 400 walirudi, na kila mmoja alipewa sarafu ya dhahabu ya paundi moja. Ndipo katika madirisha ya Bethesda zikaonekana kadi zilizopigwa chapa kwa Kiwelisi, "Nid oes bradwr yn y tŷ hwn", maana yake, hakuna msaliti katika nyumba hii. Kadi ilisema, na dirisha lisilo na kadi lilisema pia. Majina ya waliorudi yalichapishwa magazetini. Mgawanyiko uliingia madukani, shuleni na hata katika nyumba za ibada. Uchungu wake ulirithiwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa mgomo.

Sasa tuseme yuko mwanamke mmoja leo, kitukuu wa mchimba mawe, ambaye tangu utoto amesikia kwamba wazee wake walikuwa watu wa mgomo, watu wa msimamo. Anaketi jioni kusoma magazeti ya zamani, ambayo Maktaba ya Taifa imeyaweka wazi bila malipo mpaka ya mwaka 1919. Katika orodha ya wasaliti analiona jina la baba wa babu yake, pamoja na jina la nyumba yake, hata asiweze kusema huyu ni Jones mwingine. Afanye nini? Afunge ukurasa, aseme hakuona? Awapigie simu binamu zake usiku uleule?

Ushauri wangu ni kwamba kwanza asifanye lolote kati ya hayo. Aende Caernarfon, ambako kumbukumbu za machimbo ya Penrhyn zimewekwa. Tena aitafute sensa ya mwaka 1901. Kwa bahati, sensa hiyo ilichukuliwa usiku wa tarehe 31 Machi 1901, mwezi wa tano wa mgomo, wiki kumi tu kabla ya watu wale 400 kurudi. Humo ataiona nyumba ile kama ilivyokuwa: mume, mke, watoto na umri wao, na lugha waliyoisema. Kisha aangalie sensa ya 1911, ambayo kwa mara ya kwanza iliwauliza wanandoa watoto wao wangapi walizaliwa hai, na wangapi wamekufa. Kisha daftari la maziko la parokia, kwa tarehe. Tuseme anakuta kwamba Machi walikuwa na watoto watano, mkubwa ana miaka tisa, na mama mkwe mzee. Na kwamba Mei mtoto mdogo alizikwa.

Baadaye aende Llanberis, bonde la pili yake, kwenye Jumba la Makumbusho la Mawe la Taifa. (Lilifungwa Novemba 2024 kwa ukarabati mkubwa, anayetaka kwenda aulize kwanza kama limefunguliwa.) Limo katika karakana za machimbo ya Dinorwig, yaliyofungwa mwaka 1969. Huko zilihamishiwa nyumba za safu za wachimba mawe, zilizobomolewa jiwe kwa jiwe kule Tanygrisiau na kujengwa upya. Moja imepangwa kama nyumba ya mwaka 1861, nyingine kama ya mwaka 1969 machimbo yalipofungwa. Na moja imepangwa kama nyumba ya Bethesda mwaka 1901, wakati wa mgomo.

Hapo ndipo ninapoona faida ya makumbusho, ambayo watu wengi huyadharau kana kwamba ni mahali pa kuwapeleka watoto wa shule siku ya mvua. Karatasi hukupa shtaka. Jumba la makumbusho halikupi utetezi, lakini hukupa chumba. Unasimama ndani yake, unapima kwa macho yako, unajiuliza watu wanane walilala wapi. Unaliona dirisha na jinsi lilivyo karibu na la jirani.

Lakini hapa pana mtego, na watu wenye huruma ndio wanaoukanyaga. Mwanamke yule akitoka pale machozi yakimtoka, atasema: hakuwa na njia nyingine, angefanya nini, watoto walikuwa na njaa. Ni rahisi kusema hivyo. Naye arudi kwenye sensa ileile, ukurasa uleule, aangalie nyumba inayofuata. Huko nako palikuwa na watoto, labda saba, labda wadogo zaidi. Njaa ilikuwa ileile. Na baba wa nyumba ile hakurudi kazini. Alikaa miaka mitatu na kadi yake dirishani, au alikwenda kusini, akaingia chini ya ardhi katika shimo la makaa, akileta nyumbani alichopata. Ukisema baba wa babu yako hakuwa na njia nyingine, umemnyang'anya yule jirani sifa yake, maana umesema kwamba uvumilivu wake haukuwa uamuzi. Kumhurumia mmoja kwa kumwibia mwingine si huruma. Mtu yule alikuwa na njia mbili, zote mbaya, akachagua moja. Na jirani yake akachagua nyingine. Tukimwacha awe mtu aliyechagua, tunamheshimu zaidi kuliko tukimfanya jani lililopeperushwa na upepo.

Naye apewe haki ya kutohukumiwa kwa kalamu ya adui zake peke yao. Orodha ya gazeti iliandikwa na watu wenye hasira, tena hasira ya haki. Kumbukumbu za machimbo zilitunzwa na ofisi ya tajiri, aliyewaona hao waliorudi kuwa watumishi waaminifu, na sidhani kama sifa hiyo ni afadhali kuliko tusi. Yeye mwenyewe hakuacha neno. Hata kifo cha watu hawa hakikuandikwa sawasawa: madaktari wa machimbo walisema vumbi la mawe halidhuru mapafu, na kikohozi cha wachimbaji wakakilaumu juu ya chai iliyochemshwa mno. Ilikuwa mpaka mwaka 1979 ndipo sheria ilipotoa fidia kwa wachimba mawe walioharibika mapafu. Kwa hiyo ukikuta katika kitabu cha hospitali maneno fulani juu ya mgonjwa, uliza kwanza ni nani aliyemlipa aliyeandika.

Je, huruma hii iwe kwa wote sawa? Swali hili si la mzaha, maana katika Chuo Kikuu cha Bangor, mwendo mfupi kutoka Bethesda, zipo nyaraka za mali ya ukoo wa Penrhyn wenyewe, na humo zimo barua za mashamba yao ya miwa kule Jamaika. Richard Pennant, Lord Penrhyn wa kwanza, aliyefariki mwaka 1808, hakufika Jamaika, lakini aliandikiana na mawakala wake huko juu ya sukari, ng'ombe na watumwa. Mrithi wake alilipwa na serikali ya Uingereza zaidi ya paundi 14,000 kwa ajili ya watumwa 764 walioachwa huru. Fedha aliyopewa mtu aliyemiliki, wala si walioteswa. Hivyo Mjamaika anayetafuta wazee wake aweza kulazimika kufika katika chumba kilekile cha kusomea, huku Welisi, na kumkuta bibi yake katika hesabu ya mali ya shamba. Hakuna wosia wake wala kaburi lake, lipo jina tu alilopewa na mwingine.

Mimi naona huruma kwa marehemu haipimwi kwa kilo moja kwa kila mtu. Mwenye kalamu, mwenye nafasi ya kuchagua, mwenye kuandika barua na kuzitunza, huyo ahukumiwe kwa maneno yake mwenyewe. Amepewa nafasi ya kujieleza na ameitumia. Mchimba mawe aliyeandikwa na wengine atendewe kwa upole zaidi, si kwa sababu maskini hakosi, bali kwa sababu tumesikia upande mmoja. Na yule wa Jamaika hana la kuhukumiwa. Yeye hudai kitu kimoja, kwamba jina lake litolewe katika orodha ya mali na kuandikwa katika orodha ya watu. Injili ya Mathayo yenyewe inaanza na orodha ya vizazi, na humo wamo wanawake ambao mwandishi mwenye kujali heshima ya ukoo angewaruka.

Limebaki swali la walio hai, nalo kwangu ni gumu kuliko hayo yote. Jina alilolipata mwanamke yule si lake peke yake. Binamu zake wana sehemu ndani yake, na wengine wao ni wazee waliojengewa maisha yao yote juu ya hadithi ya kadi ile dirishani. Serikali yenyewe yakubali kwamba kuna muda wa kunyamaza, ndiyo maana hufunga sensa miaka 100, na kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya akili ya Denbigh, iliyofunguliwa mwaka 1848 na kufungwa 1995, nazo zina muda wake wa kufungwa. Lakini magazeti hayana mlango wa kufunga. Kinachoonekana na mmoja kitaonekana na wote, na pengine na mtu asiye na upendo. Kwa hiyo mimi nasema aiambie familia, polepole, akianza na mkubwa wao, uso kwa uso wala si kwa barua, naye aende na karatasi zote mkononi: orodha, sensa zote mbili, na daftari la maziko. Asiende na ile ya kwanza peke yake. Na mzee akisema hataki kusikia, amwache. Haki ya kujua haimlazimishi mtu kujua. Asiwape watu wa gazeti. Wala asilifute jina katika ule ukurasa wa mbele wa Biblia ya nyumbani, ambapo Wawelisi wengi wameandika vizazi vyao.

Ukurasa huo una nafasi ndogo. Kama angeniuliza aandike nini kando ya jina la mzee huyo, ningemwambia aandike hivi: alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa mahali fulani, mchimba mawe, Penrhyn, watoto waliozaliwa tisa, waliokua sita, aligoma Novemba 1900, alizika mtoto Mei 1901, alirudi kazini Juni. Na chini yake, kama pana nafasi, jina la jirani.